Barua ya wazi kwa waheshimiwa wabunge: mtambueni huyu askari wa zimamoto akiwa bado anavaa buti

Waheshimiwa wabunge, Mheshimiwa Spika, na nyie madiwani wetu msijifiche nyuma ya wabunge maana na nyie mna baraza lenu na kumbukumbu zenu za vikao, shikamooni wanaostahili shikamoo, na wengine habari za kazi.

Mimi ni raia wa kawaida, sina chama ninachokisemea kwenye hili na wala sitafuti kugombea kitu. Naandika kuhusu mtu mmoja, askari wa zimamoto wa kituo chetu, na jina lake silitaji hapa kwa sababu mwenyewe kanikataza kabisa, kasema nikimrusha mtandaoni nisimsalimie tena, kwa hiyo jina na namba yake ya kazi nimeviandika kwenye barua ya karatasi niliyoipeleka ofisini kwa katibu wenu, ikagongwa muhuri wa kupokelewa na nakala ninayo. Hapa nitamwita Afande, kama wote tunavyomwita.

Ninachoomba ni azimio. Mmoja wenu asimame alete hoja ya kumtambua huyu mtu kwa utumishi wake, mwingine aafiki, Spika awahoji mseme ndiyo, liingie kwenye Hansadi, ile kumbukumbu rasmi ya Bunge, na nakala yenye saini apewe mkononi. Kwenu hiyo ni kazi ya robo saa. Ila naomba liandikwe na mtu anayejua alichokifanya, maana "mchango wake mkubwa katika jamii" tumeshaisikia sana, mnaisoma kwa mstaafu, mnaisoma kwa marehemu, mnaisoma kwa timu iliyoshika nafasi ya tatu, ukitoa jina la mhusika unaweza kumvalisha mtu yeyote na ikamkaa vizuri tu.

Sasa mtajiuliza mimi ni nani kwake mpaka nimpigie debe hivi. Hapa inabidi niseme kitu ambacho nimekaa nacho zaidi ya mwaka bila kumwambia mtu mwingine zaidi yake. Usiku ule jengo letu lilipowaka, gari lililoziba njia lilikuwa langu.

Nilikuwa nalipaki kwenye kona ya kuingilia kila siku, nikijua kabisa kile kinjia ni chembamba, hata gari dogo linapita kwa kujibana, sembuse gari la zimamoto na tanki lake. Saa nane usiku waya zikapiga shoti ghorofa ya kwanza, moshi ukaja juu kwenye ngazi, watu tukatoka mbio, mimi nina ndala mguu mmoja na ufunguo wa gari nimeuacha mezani ndani. King'ora kikasikika, tukashangilia, halafu kikasimama palepale mbali. Gari halipiti. Watu wakaanza kelele, mmechelewa, mnasubiri nini, mpaka watu wafe ndo msogee? Na mimi nikapiga kelele, tena nimetoa simu narekodi. Ile video bado ninayo, sauti yangu inasikika vizuri nikiwaita wazembe, nimesimama hatua kumi tu kutoka kwenye gari langu mwenyewe.

Afande akashuka, akaliangalia gari, akaangalia umbali, akawaambia wenzake "vuteni mpira, tunaenda kwa miguu". Basi. Hakubishana na mtu. Wakaanza kuunga mpira kwa mpira, wengine wakajaribu kulisukuma gari langu likagoma maana nilikuwa nimeliweka gia na handbreki, na yeye akaja mbele yetu akauliza swali moja tu: "Nani hayupo?"

Unajua hilo swali lilitunyamazisha wote. Tulikuwa tunapiga kelele za moto na hakuna aliyekuwa amehesabu watu. Ndo mama mmoja jirani yangu akageuka nyuma, akageuka tena, akasema mwanangu alikuwa nyuma yangu. Afande akamuuliza ana miaka mingapi, sita, analala chumba gani, cha mwisho kushoto, mlango umefungwa au uko wazi, sijui. Akavaa barakoa yake, yeye na mwenzake mmoja, wakaingia wakitambaa.

Mimi nilidhani wanatambaa kwa kuogopa, nisameheni, nilikuwa mjinga wa haya mambo. Baadaye ndo nikaelezwa kwamba moshi na joto vinapanda juu, chini karibu na sakafu ndo kunabaki hewa kidogo na uwezo wa kuona kidogo, na wengi wanaokufa kwenye moto wa nyumba wanakufa kwa moshi kabla moto wenyewe haujawafikia. Pia kuna hatua ambapo chumba kinapata joto la kama nyuzi 500 hadi 600 na kila kilichomo, kiti, pazia, godoro, kinashika moto karibu kwa pamoja, na ikifika hapo hata aliyevaa zile nguo zao nzito hana sekunde nyingi. Sasa yeye anaingia humo hajui imebaki dakika ngapi kabla ya hiyo hatua. Anaweka mkono mmoja ukutani na haunyanyui, anaufuata ukuta chumba kizima kama kipofu, mkono mwingine unapapasa, maana akiuacha ukuta anaweza asiujue tena mlango uko wapi. Mgongoni ana mtungi, ambao sisi huku nje tunauita wa oksijeni na kumbe ni hewa ya kawaida tu iliyoshindiliwa, unaitwa wa nusu saa lakini mtu akifanya kazi ngumu na moyo unakimbia haifiki nusu saa hata kidogo. Nguo, helmeti, buti na mtungi vikijumlishwa vinapita kilo 20.

Alitoka bila mtoto. Alibadilisha mtungi akarudi. Hii mara ya pili ndo sitaisahau, kwa sababu wenzake walikuwa wanamwangalia kwa namna ambayo hata mimi nisiyejua kitu nilielewa kwamba wanahesabu. Aliporudi tulimsikia kabla ya kumwona, kile kifaa chao kinapiga filimbi hewa ikikaribia kuisha, filimbi ikawa inakuja kwenye ngazi, inakuja, halafu akatokea na mtoto kifuani. Alikuwa kabatini, chini ya nguo. Aliniambia siku nyingine, "mtoto mdogo akiogopa moto hakimbii, anajificha, kabatini au uvunguni, na akisikia sauti yangu kwenye ile barakoa anajificha zaidi maana anaona zimwi, kwa hiyo ukiona chumba kiko kimya ndo usikiache".

Mtoto alikohoa akalia. Yuko hai, anasoma.

Afande akaenda kukaa ukingoni mwa barabara. Mtu akampa chupa ya maji, akashindwa kufungua kizibo, mikono inatetemeka vile, nikamfungulia mimi. Akanywa, akaniuliza lile gari pale ni la nani. Nikamwambia sijui.

Waheshimiwa, nilikaa na hilo "sijui" wiki tatu, nikaenda kituoni kwao kukiri. Nilikuwa nimepanga maneno kabisa. Nikamwambia Afande, lile gari lilikuwa langu. Akasema, "nilijua, ulikuwa unaliangalia kila dakika." Halafu akaniuliza, "limepona?"

Kuanzia hapo nimekuwa naenda pale kituoni mara kwa mara, na ndo nikagundua kwamba ile ya mtoto, pamoja na ukubwa wake wote, siyo sababu kubwa ya kuwaandikia. Ya mtoto wenzake nao wanazo za kwao, ukikaa nao watakusimulia kama wanavyosimulia mechi. Huyu ana kitu kingine, ana daftari.

Ni daftari la kawaida la mistari, jalada limelegea limeshikwa na gundi ya karatasi. Humo amechora kwa mkono mitaa yote ambayo gari lao linaitwa, na kila sehemu yenye bomba la zimamoto la kujazia maji, haidranti kama wanavyoziita wao, ameweka alama: duara la bluu inatoa maji, duara jekundu imekufa, na nyingine ameandika kando "imefunikwa na lami", "imejengewa ukuta", "ukifungua inatoa tope". Siku zake za mapumziko ndo anazunguka kwa miguu kuzikagua, hakuna aliyemtuma, hakuna posho. Njia ambazo gari halipiti ameziandika na upana wake, amepima kwa kamba. Kinjia chetu kimo, na kando ameandika kwa penseli "wanapaki hapa". Tarehe ya hayo maandishi ni miezi minane kabla ya moto wetu.

Naomba mnielewe kwa nini hilo daftari ni kubwa kuliko linavyoonekana. Kila mahali lawama ni ileile, zimamoto wamekuja hawana maji. Nilishaisema hata mimi. Lakini piga hesabu ndogo tu: gari likija na lita 4,000, na mpira mmoja ukatoa lita 400 kwa dakika, tanki linaisha dakika ya kumi, na wakifungua mipira miwili ni dakika tano. Wamekuja na maji yote waliyoweza kubeba na yameisha kwa sababu moto hauhesabu lita, kwa hiyo kinachoamua nyumba ibaki au iishe ni kama kuna mahali pa kujazia hapo karibu, na kama dereva anapajua usiku bila kuuliza watu. Kwenye zamu yao anapajua, kwa sababu ya daftari. Wale askari vijana wanalisoma kama wanavyosoma watu wa mtihani.

Na Jumamosi anaenda mashuleni. Nilimfuata siku moja. Anavaa vifaa vyote mbele ya watoto, kimoja kimoja, anawaambia mniangalie, bado ni mimi, sasa naweka barakoa, sikilizeni sauti yangu ilivyo mbaya, bado ni mimi, halafu anatambaa kati ya madawati na watoto wanamfuata na kumgusa. Baada ya yule wa kabatini ndo alianza hii ya barakoa. Zamani alikuwa anafundisha tu ukishika moto simama, lala chini, bingirika.

Amefanya kazi miaka 21. Makofi aliyopigiwa kwenye sherehe anayakumbuka, ilikuwa gwaride, alikaa juani masaa matano.

Sasa najua mtakachosema, kwamba ndo kazi yake na analipwa. Ni kweli analipwa. Na nyie mnalipwa, na majina ya waliowatangulia yapo kwenye barabara na madaraja, sijaona aliyekataa kwa sababu alikuwa na mshahara. Halafu mtasema ukimtambua mmoja wengine watanung'unika. Nilikiuliza kituo kizima, walicheka, mmoja akasema bora apewe yeye maana wakimpa fulani hatutalala kwa hadithi. Waliloomba ni kwamba yule mwenzake aliyeingia naye, na yule aliyeshika mpira mlangoni usiku ule, watajwe. Wanaona aibu mtu mmoja asifiwe kwa kazi ambayo haifanywi na mtu mmoja, na mimi naona wana haki kabisa.

Hiki kitu siyo kigeni duniani. Marekani mabunge yao, la taifa na ya majimbo, kila mara yanapitisha maazimio ya kumtambua mtu mmoja tu, mwalimu, muuguzi, mzimamoto wa mji mdogo, yameandikwa kwa mtindo wa kwa kuwa hivi na kwa kuwa vile mpaka imeazimiwa, na hayana nguvu ya sheria, hayamlazimishi mtu kitu, lakini mtu anajua jina lake limesomwa pale ndani na wajukuu zake wakilitafuta watalikuta. Wana pia sheria ya mwaka 2001 iliyoanzisha medali ya ushujaa kwa polisi, zimamoto na waokoaji, anaitoa rais mwenyewe, na kwa kawaida hazizidi 5 kwa mwaka. Uingereza wana medali ya wazimamoto ya utumishi mrefu na mwenendo mzuri tangu 1954, ukifikisha miaka 20 unastahili kufikiriwa, kwa hiyo Afande wetu kule angekuwa ameshavuka. Na hii tarehe 4 Mei ambayo dunia inaikumbuka kama siku ya wazimamoto, ilianza baada ya watu watano wa kujitolea kufa kwenye moto wa msituni kule Linton, Australia, Desemba 1998, na mwanzoni mwa 1999 pendekezo likasambaa kwa barua pepe tu mpaka likashika. Mtu mmoja alikaa akaandika. Ndo maana na mimi nimekaa nikaandika.

Karibu zaidi, mnakumbuka Novemba 2022 ndege ilipoanguka Ziwa Victoria pale Bukoba, 43 ndani yake, 19 wakafariki. Yule kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, alikimbilia na mtumbwi kuokoa watu, na haikuchukua siku tatu akawa amepewa zawadi na rais akaagiza aingizwe kwenye jeshi la zimamoto na uokoaji. Nilifurahi sana na bado nafurahi, alistahili. Ila nikawaza, zawadi yenyewe ya ushujaa ilikuwa ni kupewa ile kazi. Na walioko kwenye ile kazi tayari, wao zawadi yao ni kuingizwa wapi?

Kuna jambo moja zito nimelificha mpaka hapa na naomba mlisome polepole. Afande ana kikohozi. Sijui ni nini na mimi siyo daktari, yeye anasema ni vumbi. Lakini nimesoma. Mwaka 2022 wataalamu wa saratani wa shirika la utafiti lililo chini ya WHO waliiweka kazi ya zimamoto kwenye kundi la kwanza, kundi la vitu ambavyo imethibitika vinaleta saratani kwa binadamu, kwa ushahidi wa kutosha kwenye saratani ya kibofu cha mkojo na ile ya utando wa mapafu. Mwaka 2007 walikuwa wamesema tu inawezekana. Sababu hauhitaji hata kuelezwa sana, nyumba za siku hizi zimejaa plastiki, godoro la sponji, rangi, nyaya, vyote vikiungua ni sumu, inaingia kwa pumzi, inaingia kwa ngozi, inabaki kwenye nguo. Kombati lake Afande analifua nyumbani, kwenye beseni lilelile linalofuliwa nguo za watoto. Nimeliona likiwa limeanikwa.

New York mwaka 2001 walikufa wazimamoto 343 siku moja, Septemba 11, na majina yao yanajulikana. Kufikia Septemba 2023 wale wa idara hiyohiyo waliokufa baadaye, polepole, mahospitalini, kwa magonjwa yaliyotokana na vumbi la yale majengo yaliyoporomoka siku ile, nao walikuwa wamefika 343. Hawa wa pili hawakufa kwenye televisheni. Bunge lao lilibishana miaka mpaka likapitisha sheria ya kuwatibu, ikasainiwa Januari 2011. Na tangu 1976 wana sheria ya kuilipa familia ya askari au mzimamoto aliyefia kazini, ilianza na dola 50,000, na mwaka 2003 wakaongeza kwamba hata akifa kwa moyo au kiharusi kilichompata kazini ihesabiwe, maana kwa miaka mingi kinachoongoza kuwaua kazini kule kimekuwa ni moyo kusimama ghafla, moto wenyewe unafuata nyuma. Miili inakimbizwa kutoka usingizini mpaka kubeba kilo 20 kwenye ngazi ndani ya dakika chache, kwa miaka 20. Moyo gani utakaa.

Kwa hiyo nimewasaidia kazi, azimio nimeliandika rasimu, mwanasheria wenu ataninyooshea lugha:

"KWA KUWA Afande huyu, kwa jina lake kamili, aliingia mara mbili kwenye jengo lenye moshi usiku mmoja kumtafuta mtoto wa miaka sita, na mara ya pili alitoka naye hewa ya mtungi ikiwa inaishia, NA KWA KUWA aliingia na mwenzake, na mwenzao mwingine alishika mpira mlangoni muda wote, na majina yao yamesomwa hapa, NA KWA KUWA kwa muda wake mwenyewe na kwa miguu yake mwenyewe amekagua na kuandika kwenye daftari kila bomba la zimamoto na kila njia iliyoziba katika eneo la kituo chake, NA KWA KUWA amewafundisha watoto wa shule wasimwogope mtu aliyevaa barakoa, NA KWA KUWA njia aliyokuta imezibwa usiku huo aliivuka kwa miguu na hakumdai mtu, HIVYO BASI Bunge linaazimia kumshukuru kwa jina, kuagiza daftari lake linakiliwe na kila bomba lenye duara jekundu litengenezwe, na kuitaka serikali ilete muswada utakaompima afya kila mzimamoto kila mwaka, kukiwekea kila kituo mashine ya kufulia nguo za kazi, na kuhesabu saratani ya mzimamoto kuwa ni ugonjwa wa kazini mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo."

Najua hapo mwisho nimepitiliza, nimeanza na shukrani nikamalizia na muswada. Lakini ukimshukuru mtu aliyeingia kwenye moshi halafu ukamwacha na ule moshi mapafuni peke yake, hata yeye atakuona unamtania. Hicho kipengele cha mwajiri athibitishe najua kitapigiwa kelele na watu wa hazina. Waambieni kwamba mfanyakazi mgonjwa hawezi kwenda kutafuta ni moto upi kati ya mia tisa ndo ulimpa ugonjwa, hana hiyo risiti.

Mambo madogo ya siku yenyewe. Msimwite siku ya sherehe ya kitaifa akapangwa mstari mmoja na watu 40. Mwiteni siku ya kikao cha kawaida, akae jukwaa la wageni pale juu, na Spika akimtambulisha asiishie kwenye "tunao pia wageni kutoka zimamoto" wakasimama wakagongewa meza wakakaa. Azimio lisomwe lote, hata kama kuna mheshimiwa anataka kwenda chai. Msimpe maiki, hapendi hotuba, siku ile shuleni mwalimu alimpa maiki akairudisha. Yule mtoto akaribishwe, mama yake amekubali, nimemuuliza. Na zamu yake muiulize kwanza kituoni maana mkimwita siku ya zamu hatakuja, atawaambia nani atabaki.

Na ikitokea mmepanga tarehe halafu kikao kikaahirishwa, mwambieni mapema, ana siku moja ya kupumzika na anaitumia kutembea na lile daftari.

Mimi nitakuwepo nikialikwa na nisipoalikwa nitakaa nje getini. Nitakuja na basi. Gari bado ninalo, siku hizi nalipaki barabara ya pili na kurudi nyumbani kwa miguu, ni dakika sita, nimezipima, na yule mtoto tukikutana njiani usiku ananiuliza kila mara kwa nini nimeliacha kule.